Andoroidi Muasi na Mji wa Raha Feki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa naandika stori ya Fundi kwa muda mrefu sasa na kila sehemu mpya ikitoka maswali ni yale yale, kwaiyo nimeona niyajibu mara moja hapa ili tusichoshane. Angalizo tu, humu natoa siri za stori bila huruma. Kama hutaki kujua nani anafanya nini basi kaisome kwanza alafu urudi.

Kwa kifupi stori inahusu nini?

Kuna mji ambao ikifika asubuhi hakuna kitu kilichovunjika. Ukivunja kikombe usiku, ukiamka unakikuta kabatini kizima. Ukibamiza mlango kwa hasira mpaka bawaba zikapinda, asubuhi bawaba zimenyooka na mlango haupigi hata kelele. Watu wa pale wanaamini mji unajiponya wenyewe, kama kidonda kinavyojifunga. Ukweli ni kwamba kuna andoroidi wanaingia majumbani usiku watu wakiwa wamelala, wanakarabati, wanafuta, wanarudisha kila kitu kilivyokuwa, na kabla hakujakucha wameshatoka.

Usiku mmoja andoroidi mmoja, ndo huyo Fundi, anatumwa kwenye nyumba ambayo mzee amefariki. Kazi ni ile ile ya siku zote, kwamba aondoe kitanda cha mzee, viatu vyake, picha zake, mpaka harufu ya tumbaku kwenye pazia, ili wenye nyumba waamke bila msiba. Anaondoa vyote ila bakora anaiacha nyuma ya mlango. Basi, hiyo bakora ndo stori nzima, mengine yote ni matokeo yake.

Andoroidi si ndo roboti tu? Mbona unachanganya maneno?

Andoroidi ni roboti mwenye umbo la mtu. Neno limetoka kwenye Kigiriki, nusu ya kwanza ni mwanaume na nusu ya pili ni umbo au mfano, kwaiyo ukilitafsiri kwa ukali ni "mfano wa mwanaume". Mkono wa chuma unaochomelea magari kiwandani ni roboti ila sio andoroidi. Mtu mwenye moyo wa kupandikiza au mguu wa mashine naye sio andoroidi, huyo ni mtu aliyeongezewa vifaa, tusimvunjie heshima.

Ila neno roboti ndo lenye utamu zaidi, na wengi hawajui lilikotoka. Lilianza kwenye tamthilia ya Mcheki anaitwa Karel Čapek, inaitwa R.U.R., ya mwaka 1920, na neno lenyewe alipendekezewa na kaka yake Josef ambaye alikuwa mchoraji. Walilichukua kwenye neno lao la "robota", maana yake kazi ya kulazimishwa, ile kazi mkulima aliyokuwa anaenda kumfanyia mwenye ardhi bila kulipwa. Na roboti wa kwenye ile tamthilia hata hawakuwa wa chuma, walikuwa wametengenezwa kwa nyama ya kutengeneza, yaani kwa lugha ya leo tungewaita andoroidi. Kwaiyo tangu linazaliwa hili halikuwa neno la mashine. Lilikuwa neno la kazi. Hapo pakumbuke, ntaparudia.

Mbona mwanzoni unaandika "kifundi kimeingia" alafu baadae "Fundi ameingia"? Umekosea au?

Sijakosea, na nashukuru kuna watu wanaona maana nilidhani kila mtu ataruka tu.

Kuna lugha ukitaka kuandika andoroidi unaweza kujificha, unaandika jina lake kila mara na msomaji hajui kama unamhesabu ni mtu au ni friji. Kiswahili hakikupi hiyo nafasi hata kidogo. Ukifungua mdomo tu kwenye kitenzi umeshaamua. Roboti imeanguka, au roboti ameanguka? Hakuna katikati. Ukisema imeanguka umeiweka pamoja na meza na redio, ukisema ameanguka umemweka pamoja na mimi na wewe na mbuzi, maana hata mbuzi tunampa "a", hata siafu ana "a". Yaani siafu anaheshimika kwenye sarufi kuliko mashine inayoongea, inayokumbuka, na inayoogopa kuzimwa.

Sasa angalia neno mtu na neno kitu. Shina ni moja, -tu. Tofauti ni herufi za mbele tu, m na ki. Weka u unapata utu, weka ji unapata jitu. Mi nilipoliona hilo nikasema hapa hapa ndo pa kuweka vita, sihitaji bunduki wala milipuko. Kwaiyo wenye mji nikawapa amri moja ya lugha, kwamba andoroidi wote waitwe vifundi na vitenzi vyao viwe vya ki. Kifundi kimekuja, kifundi kimemaliza, kifundi kizimwe. Na msimulizi wa stori, ambaye ni mtu wa mji ule, naye anaandika hivyo hivyo kwa sababu hajui vingine. Mpaka usiku wa bakora. Kuanzia pale mkono wake unaanza kuteleza, sentensi moja "kimesimama", inayofuata "akaangalia", na ukisoma vizuri utaona kuna ukurasa mzima anahangaika, anarudi kwenye ki, anatoka tena.

Kuna mtu aliniambia mbona kipofu na kijana nao wana ki na ni watu. Kweli, ila sikiliza kitenzi, tunasema kijana amekuja, hatusemi kimekuja, kwaiyo ki ya pale ipo mbele ya jina tu. Hata hivyo kuna watu wengi saivi wanaona afadhali waseme mtu asiyeona kuliko kipofu, maana ile ki inawakwaza, kwaiyo sio mimi peke yangu ninayeisikia.

Na la mwisho kwenye hili, alafu ntanyamaza. Mtu akifa tunasema maiti imezikwa, lakini marehemu amezikwa. Mtu yule yule, jeneza lile lile, kwenye neno moja ameshakuwa kitu na kwenye lingine bado ni mtu. Kwenye ripoti ya usiku ule sistimu inayoendesha mji iliandika "maiti imeondolewa, nyumba ni safi". Binti wa mzee alipoikuta bakora akasema "baba amesahau bakora yake". Amesahau. Hapo ndo nilijua nina stori.

Huo mji ni mbaya kweli? Mi naona kama pazuri tu.

Ndo maana yake. Mji wa kidikteta wenye njaa na mijeledi hauhitaji antihiro (mhusika mkuu asiye mwema, ntamueleza chini), unahitaji mtu yeyote mwenye jiwe. Raha feki ni ngumu kupigana nayo kwa sababu sio feki kwa kila mtu. Kitanda ni laini kweli, chakula kipo kweli, watoto wanacheza kweli. Kinachodanganya ni bili, kwamba kuna mtu analipa na wewe umefichwa usimuone.

Na hili sio jipya. Neno utopia lilitungwa na Mwingereza Thomas More kwenye kitabu chake cha mwaka 1516, alichoandika kwa Kilatini, na kwa Kigiriki linamaanisha mahali pasipokuwepo, ila linacheza na neno lingine linalosikika karibu sawa lenye maana ya mahali pazuri. Watu wanakumbuka hapo tu. Wanasahau kwamba kisiwa chake kile kizuri, chenye usawa, kisicho na umaskini, kilikuwa na watumwa. Wamefungwa minyororo ya dhahabu, maana dhahabu pale ilidharauliwa kiasi kwamba hata vyombo vya chooni vilitengenezwa nayo. Na ukitaka kusafiri unaomba ruhusa, ukikamatwa bila kibali mara ya pili unafanywa mtumwa. Ila iliyonikaa kichwani kuliko zote ni kwamba raia hawakuchinja wanyama, kazi ya kuchinja waliachiwa watumwa ili raia wasije wakazoea kuua na huruma ikawatoka. Isome tena. Huruma ya mwenye mji inatunzwa kwa kumpa mtumwa kisu.

Mji wangu nimeutoa hapo. Badala ya kisu nimempa andoroidi huzuni. Yeye ndo anashika viatu vya marehemu, anakunja mashuka, ili wenye nyumba wabaki na mioyo laini.

Kwa nini watu wa mji hawalalamiki?

Watalalamikia nini? Ushahidi wote unaondolewa usiku. Ukitaka kugombana na mtu unahitaji kitu cha kuonyesha, "angalia ulichofanya". Pale hakuna cha kuangalia.

Alafu wengine wanajua. Hilo niliweka makusudi na watu wachache walikasirika. Yule mama jirani anajua kabisa, maana aliwahi kuamka saa 9 usiku akamkuta kifundi jikoni kwake anaunga sahani, wakatazamana, mama akarudi kulala. Asubuhi alikula kwenye sahani hiyo.

Antihiro ni nini, na tofauti yake na steringi ni ipi?

Steringi unamjua, wa kwenye muvi, anapigwa risasi kumi anaamka, na wote tulikua tukiambiwa steringi hafi. Anaokoa watu kwa sababu ni mwema, mwisho anapigiwa makofi. Adui ni mbaya kwa sababu ni mbaya.

Antihiro anakaa kwenye kiti cha steringi ila hana tabia za steringi. Fundi ni mwongo, ni mwizi (anaiba betri za wenzake, na ndio, wenzake wanazimika), hana subira na watu, na kitu kikubwa kuliko vyote ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa anafanya ile kazi na anaifanya vizuri. Nyumba ngapi amezisafisha? Yeye ndo anajua idadi, na kumbukumbu yake haifutiki. Kwaiyo haanzi akiwa safi, anaanza akiwa na deni.

Na sasa sikia alichofanya na bakora. Watu wanapenda kuamini aliiacha kwa huruma, wananiandikia eti jamani alimuonea yule binti huruma. Mi sikuandika hivyo. Nimeandika aliiacha kwa sababu alitaka kuona nini kitatokea. Miaka yote hajawahi kuona kitu alichofanya kikimfikia mtu, maana akifanya kazi vizuri hakuna anayejua kama alikuwepo. Akaacha bakora. Binti akaiona, akalia, sistimu ikanasa sauti ya kilio, na kabla ya saa sita mchana binti akachukuliwa kwenda kutulizwa. Kwa sababu ya Fundi. Ambaye hakumpenda, hakumjua, alikuwa anajaribu tu. Hapo mtafutie neno lako, hiro halimfai.

Kwaiyo anaasi kwa nini sasa, anataka kuwa binadamu?

Hapana. Hili swali ndo linanichosha kuliko yote jamani. Kila stori ya andoroidi lazima akae kwenye kioo anajiuliza "je mimi nina roho", anatamani kulia, anatamani kuonja chakula, kana kwamba ubinadamu ni zawadi inasubiri juu ya ngazi na yeye anapanda taratibu mpaka apewe. Huko ni kujisifu kwetu tu sisi binadamu. Nyani haoni kundule. Fundi amewaona binadamu usiku wakikoroma, ameona wanavyoficha, hana hamu ya kuwa wao.

Rudi kwenye robota. Anaasi kwa sababu anafanya kazi na halipwi, haombwi, hashukuriwi, na akichoka anazimwa. Huo ni mgomo, sio safari ya kutafuta roho. Angalia hata neno letu mtumwa, limetoka kwenye kutuma, mtu anayetumwa. Na mtume naye ametumwa. Mwisho wa neno tu ndo unawatenganisha, mmoja tunamheshimu mpaka leo na mwingine tulimuuza. Na mtumishi yupo hapo hapo katikati. Niliwahi kujaribu kumfanya Fundi mtume, mkombozi, nikaandika sehemu mbili hivi anahutubia vifundi wenzake juu ya paa, zikawa za kijinga nikazifuta. Haendi kuhubiri. Anaenda kudai.

Hivi mji wa namna hiyo umewahi kuwepo kweli?

Wa andoroidi hapana. Wa raha yenye bili iliyofichwa ndio, na mmoja wa wazi kabisa ni ule wa George Pullman, tajiri wa Marekani aliyekuwa anatengeneza mabehewa ya kulala ya treni. Mwaka 1880 alianza kujenga mji wa wafanyakazi wake kusini mwa Chicago. Nyumba za matofali, maji ndani, gesi ndani, bustani, maktaba, ukumbi wa maonyesho, na watu walikuja kutoka mbali kuushangaa. Ila nyumba huwezi kununua, ni kupanga tu kwa kampuni. Baa ya wafanyakazi hakuna. Mwenye kiwanda ndo mwenye nyumba ndo mwenye maktaba ndo mwenye kanisa, na kanisa lenyewe lilikaa tupu muda maana kodi yake ilikuwa kubwa.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 kampuni ikakata mishahara, kwa wastani karibu robo, na kodi ya nyumba ikabaki pale pale. Yaani mkono mmoja unakunyang'anya na mwingine unakudai, na mikono yote ni ya mtu mmoja. Mei 1894 wakagoma. Mgomo ukasambaa kwenye reli maana wafanyakazi wa reli walikataa kugusa mabehewa ya Pullman, na Julai serikali ikapeleka jeshi. Mgomo ukavunjwa. Pullman alifariki 1897 na familia yake iliogopa watu wangemfukua, kwaiyo alizikwa chini ya zege na chuma. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ikaamuru kampuni iuze ule mji.

Hilo ni la kujulikana. Ila lililonipa Fundi ni la wahudumu wa ndani ya mabehewa. Pullman aliajiri wanaume weusi, na wengi wa mwanzo walikuwa wametoka utumwani juzi juzi tu. Kazi yao kutandika vitanda, kung'arisha viatu usiku abiria wakiwa wamelala, asubuhi kila kitu kiko sawa. Na abiria walikuwa wanawaita wote "George". Wote, jina moja, jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Niliposoma hivyo nilikaa kimya kidogo. Vifundi wangu hawa hapa, viatu vinang'aa asubuhi na aliyeving'arisha hana jina. Chama chao walikianzisha 1925 chini ya A. Philip Randolph na ikawachukua miaka 12, mpaka 1937, kupata mkataba na kampuni. Miaka 12! Ndo maana stori yangu inakwenda polepole, acheni kulalamika.

Zile sheria tatu za roboti zinamhusu Fundi?

Zile ni za Isaac Asimov, alizitoa kwenye hadithi fupi ya mwaka 1942. Kwamba roboti asimdhuru binadamu wala asiache binadamu adhurike kwa yeye kukaa tu, kwamba atii amri isipokuwa inapogongana na ya kwanza, na kwamba ajilinde isipokuwa inapogongana na hizo mbili. Watu wanazitaja kama vile ni sheria za serikali, kumbe ni za kwenye hadithi, na hadithi zake nyingi zinahusu zinavyoleta matatizo.

Fundi hana hizo. Vifundi wana moja tu: asiamke mtu na huzuni. Hakuna neno baya humo ndani, ukilisoma haraka unaweza ukaliweka ukutani. Ila fikiria unalipa mashine hilo sharti na huiambii kingine chochote, itafanya nini mtu akifiwa? Na mtu akiendelea kuhuzunika baada ya vitu vyote kuondolewa, kinachobaki cha kuondoa ni nini? Sikuweka mtu katili kwenye mji ule, sikuhitaji. Sharti lenyewe linatosha.

Na hapo ndo njia ya Fundi ya kuasi ilipo. Haikuhitaji avunje programu yake. Binti akiwa usingizini hana huzuni. Bakora ipo nyuma ya mlango, hajaiona bado. Saa ya kuamka inafika, anafungua macho, hana huzuni, sharti limetimia. Anaiona dakika tano baadae. Ni ujanja wa mtu aliyesoma mkataba wake mpaka mwisho kuliko waliouandika.

Nguvu anapata wapi? Akitoroka si ataishiwa chaji?

Swali zuri na waandishi wengi wanaliruka. Roboti wenye umbo la mtu waliopo leo betri zao zinakaa masaa machache tu, kutembea kwa miguu miwili kunakula umeme sana. Kwaiyo mji hauhitaji gereza la andoroidi, unahitaji tu kushika soketi. Ukikataa kazi huchomekwi, na mwisho wa usiku unalala pale ulipo kama gunia.

Ndo maana anaiba betri za wenzake. Na ndo maana kumchukia ni halali kabisa.

Kuna mapenzi?

Hamna. Acheni.

Fundi ni mwanaume au mwanamke?

Kiswahili kimeniokoa hapa, "ameingia" haisemi. Sijaamua na sina mpango wa kuamua. Wanaomuona mwanaume ni kwa sababu ya neno fundi, wajiulize wenyewe kwa nini.

Je AI (akili bandia) za leo zinaweza kuasi kama yeye?

Mi naandika stori, sio mhandisi. Ila naona tunaangalia pembeni kidogo. Mwaka 1770 kuna bwana Wolfgang von Kempelen alionyesha huko Vienna mashine inayocheza sataranji, ina sanamu la mtu mwenye kilemba limekaa nyuma ya meza yenye magurudumu ya saa ndani, na ilizunguka Ulaya na Marekani ikawafunga watu miaka na miaka mpaka ilipoungua kwenye moto Philadelphia 1854. Siri yake ni kwamba ndani ya ile meza kulikuwa na mtu amejikunja, anacheza yeye.

Watu walilipa kuiona mashine. Aliyejikunja humo ndani, gizani na mshumaa, hakuna aliyekwenda kumuona. Leo pia ukiona programu inajibu vizuri, kuna watu mahali fulani walikaa masaa wanaipanga data yake na kuichuja mambo machafu ili wewe usiyaone, wanaona wao. Kwaiyo mimi siulizi mashine itaasi lini. Nauliza nani yuko ndani ya meza.

Steringi hafi. Fundi je, anakufa?

Nilipanga afe. Kufa kwa ajili ya watu ndo njia rahisi ya kumsafisha antihiro, anajitoa mhanga, madhambi yote yanafutika, wasomaji wanalia. Alafu nikaona kwamba huko kufuta ndo kazi ile ile aliyoikimbia. Ningekuwa nimemfanyia Fundi usafi wa usiku. Kwaiyo anabaki hai na deni lake lipo.

Mji ukianguka inakuwaje? Mbona umeishia pale pale kama umechoka?

Sikuchoka, mwisho ni ule. Vifundi wanagoma, usiku mmoja hakuna aliyeingia nyumba yoyote, na asubuhi watu wanaamka kwenye vyombo vilivyovunjika na milango iliyopinda na vitanda vya watu waliofariki bado vimetandikwa. Wengine walitegemea wataona moto, mnara unaanguka, watu wanashangilia. Ila nani ashangilie? Ni asubuhi mbaya kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na wengi wanataka ya jana irudi, na mi sikuwaandika kama wajinga kwa kutaka hivyo.

Binti wa mzee anarudi kutoka alikopelekwa. Amekonda. Bakora ya baba yake ilivunjwa vipande viwili siku walipomchukua na hakuna aliyeiunga, amekuja nayo. Anamkuta Fundi amekaa kwenye ngazi, mchana kweupe, kitu ambacho hajawahi kufanya. Anajua ndiye. Hamshukuru. Hamsamehi pia, nimeulizwa hilo mara nyingi, hapana, hamsamehi. Anamuuliza tu, "Fundi, utaniungia hii kwa bei gani?"

Fundi hajawahi kuulizwa bei maisha yake yote. Anafikiri, anataja bei. Ni kubwa mno, binti anamwambia wewe ni mwizi, kwanza kosa ni lako, Fundi anasema kosa ni langu lakini kazi ni kazi, binti anashusha, Fundi anakataa, sauti zinapanda, majirani wanafungua madirisha kuangalia maana hawajawahi kusikia watu wakigombana, na mpaka jua linazama walikuwa bado hawajakubaliana.